Tepu ya Pili

Gasto Rwegasira alifika Minneapolis Januari 1997, baada ya kushinda bahati nasibu ya viza za Marekani. Mkewe, Valentina, alibaki Bukoba kumuuguza mama yake. Haki ya Valentina ya kumfuata mume ilikuwa na mwisho: tarehe 30 Septemba mwaka huohuo. Siku hiyo ikipita, wangeingia kwenye foleni nyingine, ya miaka. Mama alizikwa Juni. Ubalozi wa Dar es Salaam ukampangia Valentina usaili tarehe 16 Septemba, aje na barua ya mwajiri wa mumewe.

Mwajiri huyo alikuwa ofisi moja ya Golden Valley iliyogeuza majalada ya mawakili kuwa picha za kompyuta. Karatasi ilipitishwa kwenye skana, picha ikakaa kwenye diski, na kila Ijumaa diski ikanakiliwa kwenye tepu. Baada ya hapo diski ilifutwa na karatasi zikapelekwa kwenye mashine ya kuchana. Mimi nilibandika lebo, meza ya tatu kutoka mlangoni. Msimamizi wetu alikuwa Harrison Nyakundi, Mkisii wa makamo, mzee wa kanisa, ambaye nusu yetu tulipata kazi pale kwa mkono wake. Gasto alipatiwa zaidi ya kazi. Harrison alimpokea uwanja wa ndege na koti la akiba, akampa chumba nyumbani kwake, kitongoji cha Crystal, na mkewe, Rahab, akampikia tangu siku hiyo.

Kila asubuhi Gasto alimwamkia mbele ya wote. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mnaona Watanzania? Mkenya angeniuliza tu kama chai iko."

Gasto alikuwa amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa hesabu. Alikuwa mtu wa kupima jambo kabla ya kulisema, na akishalisema hakulirudia. Yeye ndiye aliyejaza fomu ya kila kazi: tarehe, jina la mteja, ukubwa wa kazi, idadi ya tepu, sahihi.

Ijumaa tarehe 8 Agosti kompyuta ilionyesha kwamba kazi ya wiki ni gigabaiti 1.95. Boksi la tepu liliandikwa gigabaiti 2. Gasto akatoa kalkuleta, akapiga hesabu kwa dakika kumi, akaandika kwenye fomu: tepu mbili. Harrison akaisoma fomu akiwa amesimama.

"Mbili za nini? Moja nukta tisa tano haiingii kwenye mbili?"

"Haiingii, Mzee. Aliyetengeneza tepu anahesabu kwa elfu. Kompyuta yetu inahesabu kwa elfu moja na ishirini na nne. Jina ni gigabaiti kote kuwili, lakini kipimo si kimoja."

"Kilo ni elfu. Kilogramu, kilomita. Mwalimu wangu wa darasa la nne alinichapa mpaka nikaijua."

"Kwenye mizani ni elfu. Humu sivyo. Niliipa faili la baiti elfu moja na ishirini na nne, ikaniandikia kilobaiti moja kamili."

Harrison akatugeukia sisi wa mezani. "Hawa watu wanapima barabara kwa maili na nyama kwa ratili. Leo ndio watufundishe kilo?"

Tulicheka. Sote tulikuwa tumesoma shule za kilo na mita, na mzaha ule ulitupendeza. Gasto naye alitabasamu, kisha akamsogezea karatasi. Nilikuwa karibu, niliiona: kazi ilikuwa na baiti 2,093,796,557, tepu ilibeba 2,000,000,000. Zilizozidi zilikuwa karibu milioni tisini na nne. Kwa wastani wetu wa baiti elfu hamsini kwa ukurasa, hizo ni kurasa zaidi ya elfu moja na mia nane.

Harrison hakuitazama. Aliichana fomu, akampa nyingine. "Andika moja. Meneja ananiuliza kila tepu imekwenda wapi. Usinifanye nionekane sijui kazi mbele ya watoto wangu hawa wa mezani."

Gasto akaandika moja, akatia sahihi. Kwa mtu anayelala nyumbani kwako na kula chakula chako, hiyo ilikuwa adabu. Mimi pia ningeandika.

Jumatatu asubuhi Gasto alipokuwa bado anashusha maboksi garini, Harrison aliingia chumba cha mashine. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinaomba tepu ya pili. Alibonyeza hapana, akafuta diski, maana kazi ya mteja mwingine ilikuwa inasubiri.

"Mzee, haikuomba tepu?" Gasto akamuuliza.

"Iliomba. Kama mtoto aliyeshiba anayeomba tena."

Karatasi zilikuwa bado zipo, kwenye mikokoteni, zikisubiri kuchanwa Jumanne saa nne. Gasto alitoka mara mbili kwenda kuzitazama. Mara zote mbili alirudi kukaa, na Jumanne zikachanwa.

Tarehe 2 Septemba wakili mwenye kazi ile aliomba mkataba mmoja. Haukuwamo kwenye tepu. Wakatafuta na mingine. Kuanzia majina ya herufi W hapakuwa na kitu. Meneja akaitisha kikao Alhamisi, siku moja kabla ya ile aliyopanga kutia sahihi barua ya Gasto ya ubalozi.

Gasto mwenyewe alinisimulia walichozungumza garini asubuhi ile.

"Ukinitaja, tunatoka wote wawili," Harrison alimwambia. "Sema ulikosea hesabu. Mimi nikibaki ndani, barua nitaiandika mwenyewe, kama msimamizi."

"Leo, Mzee?"

"Leo hii."

Kikaoni meneja aliweka fomu mezani. Ilikuwa mwandiko wa Gasto, sahihi ya Gasto. Gasto alisema alikosea hesabu. Harrison alikaa kando yake, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Mimi nilikuwamo, kwa ajili ya orodha ya lebo. Hakuna aliyeniuliza kitu kingine, nami sikusema kitu kingine. Kufikia saa sita Gasto alikuwa amekabidhi kadi ya mlango.

Jioni, mezani Crystal, aliulizia barua.

"Nitaandika kwamba unafanya kazi pale?" Harrison alisema. "Umeshatoka, kijana wangu. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kutia sahihi uongo."

Rahab aliinuka, akaanza kukusanya sahani ambazo chakula chake hakijaisha.

Gasto alipata kazi ghalani Shakopee wiki iliyofuata. Barua za kazi, wakamwambia, ni baada ya siku tisini. Valentina aliingia ubalozini mikono mitupu, akaambiwa akiipata barua ailete kabla ya tarehe thelathini. Hakuipata. Gasto alimpigia simu tarehe mosi Oktoba kutoka kwangu, kwa kuwa alikuwa ameshahama Crystal. Nilisikia sauti ya Valentina mpaka nilipokuwa nimekaa.

"Lakini hesabu uliipata?"

"Niliipata."

"Na kikaoni ukasema hukuipata."

"Alinipokea, Valentina. Alinipa koti."

Kisha Valentina akamwambia kwamba shule ya misheni imempa kazi ya kufundisha, ya mkataba wa miaka mitatu, na kwamba kesho ataenda kuusaini.