Aliyeaga Bila Kulala

Habari imenifikia juzi sokoni Lushoto, nikichagua viazi: yule mama wa karoti aliyewahi kufika hadi Uchina amefariki, na wameshamzika kwao, upande wa Bumbuli. Nilirudi nyumbani bila viazi. Tangu hapo, kila jioni ukungu ukishuka nasikia hodi. Naenda kufungua, hakuna mtu.

Miaka ile biashara ilipoachiwa huru, na kila mwenye nauli akajiona tajiri mtarajiwa, mama huyo aliacha kushusha karoti Mombo akaamua kufuata viatu Guangzhou. Hela ya hoteli hakuwa nayo. Waliomtangulia walimwambia kule unaomba kulala sakafuni kwa mtu. Fundi mmoja wa mitambo ya chai, mwenyeji wa huko, akamfundisha Kikantoni cha kuombea malazi, naye akakiandika kwenye daftari kama alivyokisikia. Wakati huo tulikuwa wapangaji majirani, basi nikafanywa mwenyeji wa mazoezi. Alibisha, nikafungua, akatakiwa aseme anaomba kulala kwangu. Maneno aliyajua yote, lakini hayakumtoka.

“Kaka, mgeni anaombaje kulala?” aliniuliza. “Kwetu unapewa chai, unakaa. Mwenye nyumba ndiye anasema leo huondoki. Ukiomba mwenyewe, si umemwaibisha?”

Nilimcheka. Kifungu alichokipenda ni kimoja tu, daa gaau saai, yaani nimewasumbua sana, ambacho mgeni humwambia mwenyeji asubuhi akiaga. Alisema hicho kina adabu, maana umeshalala. Huko Guangzhou, alinisimulia baadaye, aliomba huku amefumba macho, akapewa mkeka. Viatu vilimlipa miaka michache, kisha wakaja wenye makontena, naye akarudi kwao kwenye karoti.

Mwaka jana alipita kwangu akitoka kutibiwa Tanga, amekonda hata nikasita kumtambua. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na gari la mwisho la Bumbuli lilikuwa limeondoka. Nilijua. Alikunywa chai, akakaa. Nilikuwa na makala ya safu hii ya gazetini ya kumalizia.

“Sasa dada, utafanyaje?” nikamwuliza.

“Usijali kaka, nitapata pa kujishikiza.”

Mlangoni aligeuka akasema, “Daa gaau saai.” Nikacheka, nikidhani ananikumbusha ya zamani. Baadaye nilisikia alilala kwenye benchi la stendi, kwa baridi hii ya kwetu.

Naona aibu kuyaandika haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema; wangu alikuja, na mimi sijapona. Tumejifunza mambo ya sokoni, kwamba anayetaka kitu aseme, tukayaingiza mpaka sebuleni. Watu wa mbali aliwaomba kwa sababu hawakujua desturi yake. Mimi niliijua, ndiyo maana hakuniomba. Mgeni akikaa jioni akanyamaza, msimwulize atafanyaje. Mwambieni leo haondoki. Mimi godoro nimelitandika sebuleni tangu juzi, na nimechelewa.