Hoja ya Vigingi

Nilipopelekwa kufundisha katika kijiji kimoja chini ya Mlima Hanang, upande wa Endasak, nilikuwa nimeacha seminari miezi minane tu, na nilikuwa na daftari nililolithamini kuliko nguo zangu. Ndani yake nilikuwa nimenakili hoja zote nilizofundishwa za kuthibitisha kuwa Mungu yupo, na chini ya kila hoja pingamizi zake. Sikuacha seminari kwa kukosa imani. Nilitaka kujua kama hoja zile zingesimama mbele ya watu wasiolazimika kuzikubali ili wafaulu mtihani.

Katika nyumba niliyopewa niliishi pamoja na mganga wa zahanati, kijana Mwislamu kutoka Tanga. Tulijiwekea desturi: kila Jumamosi alasiri, tukichambua maharage, mmoja alimtetea Mungu na mwingine alimkana, na Jumamosi iliyofuata tulibadilishana. Sijapata kukutana na mkanaji hodari kama yeye. Kisha wakati wa sala ukifika, aliinuka akatawadha.

"Usinitazame hivyo," aliniambia mara ya kwanza. "Ninachokikana ni kithibitisho chako. Mwenyewe simkani."

Mwaka huo watu walikuwa wakihamishwa kutoka miteremkoni waje kuishi pamoja kijijini. Bwana mpimaji alikuwa amekuja kwa gari wakati wa kiangazi, akavuta kamba na kupigilia vigingi katika mistari miwili iliyonyooka, kila kigingi nyumba moja. Vigingi hivyo vilionekana kutoka dirisha la darasa nililofundishia watu wazima kusoma na kuandika, na siku moja vilinishawishi kuacha somo.

"Tuseme mgeni anafika hapa asikute mtu hata mmoja," niliwaambia. "Anaona vigingi vimenyooka, nafasi sawa kwa sawa. Atasema vimeota vyenyewe?"

Walicheka. Nikaendelea: atasema yuko aliyepanga, basi tazameni nyota, tazameni majira, tazameni punje za hindi zilivyojipanga kwenye gunzi. Nilikuwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Mjane mmoja wa makamo, aliyekaa benchi la mbele na ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameweza kuandika jina lake, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi sibishi. Aliyepanga yupo. Nilimwona, alikuja na gari." Akasubiri kicheko kipungue. "Kigingi changu kiko pale kwenye udongo mweusi. Masika maji yote ya mlima yanapita pale. Mbuzi anazama mpaka tumbo. Sasa huyu aliyepanga, anajua?"

"Alipima kiangazi," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Kiangazi kila mahali ni pazuri."

"Basi mwalimu atuambie kwanza kama anajua," mjane akasema. "Akishajua, kama anajali. Kwamba yupo, hilo hata mbuzi wangu anakubali."

Katika daftari langu, kuwapo kwa Mungu kulichukua kurasa kumi na moja. Kujua kwake na wema wake kurasa mbili, kama mambo yanayofuata yenyewe.

Jumamosi nilimsimulia mganga. Alicheka, kisha akaacha kuchambua.

"Ameuliza habari za Mungu au za nyumba?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mjane yule alitakiwa kuhama kabla ya masika, yeye na wajukuu wanne, na nyumba yake ya mteremkoni ingebomolewa.

"Wewe umesikia falsafa," mganga akasema. "Mimi nilimtibu mjukuu wake kifua mwaka jana, akilala huko juu pakavu. Akilala kwenye tope, sina dawa."

Jumatatu nilipanda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta jibu?"

"Nimeleta karatasi."

Niliogopa kidogo. Mwalimu mgeni anayeandika kupinga mpango angeweza kuulizwa yuko upande gani. Nilianza barua kwa bwana mpimaji kwa utangulizi mrefu wa heshima, mama akaniambia niufute. "Andika maji yanapita hapo. Andika aje aone." Kisha akatia sahihi mwenyewe, na jina lake lilichukua muda sawa na barua nzima.

Wiki tatu zilipita bila jibu. Mvua za kwanza zilinyesha.

"Barua isiyojibiwa inathibitisha nini?" mganga aliniuliza. "Kwamba hayupo?"

"Hapana."

"Kwamba hajali?"

"Bado."

"Basi inathibitisha kwamba barabara imekatika."

Alikuwa sahihi. Bwana mpimaji alifika kwa miguu, gari lake likiwa limekwama mtoni. Alimkuta mjane amesimama kando ya kigingi, mimi nikiwa karibu.

"Habari yako, mama," akasema.

Mama akautazama mlima. Mpimaji akanitazama mimi; mimi nikatazama chini. Alikuwa mdogo kwa mama kwa miaka ishirini hivi.

"Shikamoo," akasema hatimaye.

"Marahaba, mwanangu. Kanyaga pale."

Alikanyaga. Hatua ya pili kiatu kikabaki, naye akasimama kwa mguu mmoja akinishika bega. Alipokipata kiatu, aling'oa kigingi kwa mikono yake na kumuuliza mama anataka kiwekwe wapi. Mama akapanda, akauacha mstari, mpaka kwenye udongo wa mawe, naye akamfuata nyuma amekibeba.

Alipoondoka, nilimuuliza mama kama swali lake limejibiwa.

"Huyu, ndiyo. Sasa anajua," akasema. "Yule mwingine bado namuuliza. Na wewe uliza, mwalimu, umesoma."

Jumamosi ile hatukubishana, kwa kuwa mvua isingetungoja. Mimi na mganga tulikuwa juu ya nyumba mpya ya mama tukifunga fito za paa, na mama akitusimamia kutoka chini.

"Mganga, kaza. Mwalimu, hiyo umeifunga vibaya. Ifungue."

Niliifungua.