Siku Mia Moja za Mama wa Mapacha

Naandika haya nikiwa na mashaka, maana nimeishia darasa la saba na mambo ya sheria yana wenyewe. Nikikosea, kosa ni langu, si la hao ninaowataja.

Zahanati yetu ni ya kanisa, iko nje kidogo ya Itigi, na tuko watumishi watatu tu. Yupo mganga mfawidhi, ambaye kila mtu humwita daktari. Yupo muuguzi, tunamwita sista. Halafu mimi mhudumu: nafagia, nafua mashuka, nachemsha vifaa, na Alhamisi ya kliniki napima uzito wa watoto. Sista alijifungua mapacha wa kike palepale kwetu, na aliyewapokea ni daktari mwenyewe. Kwenye rejesta aliandika mistari miwili kwa mama mmoja, akaiunganisha kwa kalamu nyekundu.

Zilipotimia siku themanini na nne za likizo, sista akarudi kazini. Wauguzi waliomtangulia walifanya hivyohivyo, daftari la ruhusa linaonyesha: themanini na nne, themanini na nne. Daktari alifuata mstari uliotangulia humo daftarini. Sista hakuuliza. Na mimi ningejua nini?

Alikuwa anakuja na mama mkwe wake. Bibi anakaa kwenye benchi la wajawazito, mjukuu mmoja mgongoni, mwingine mapajani. Sista anachoma chanjo, mtoto akilia anakimbia kumnyonyesha, akirudi foleni imeongezeka na wa pili ameshaanza.

"Shikamoo bibi," nilimwambia ilipofika wiki.

"Marahaba. Nyie watu nyie. Mnawafundisha wenzenu wanyonyeshe kila mtoto akitaka, wa kwenu ananyonya kwa miadi."

Sista alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Niliwapima. Mkubwa alikuwa ameongezeka. Mdogo, ambaye tangu azaliwe ananyonya kidogokidogo na kuchoka upesi, alikuwa palepale pa Alhamisi iliyopita. Nikamtoa kwenye mzani, nikamrudisha, nikidhani nimesoma vibaya. Palepale. Sista aliitazama nukta niliyoweka kwenye kadi. Yeye anajua kuliko mimi maana ya mstari wa uzito uliolala bila kupanda.

Mchana nikapiga deki chumba cha kadi. Nyuma ya mlango kuna bango la haki za wafanyakazi, lililoletwa na afisa kazi kutoka Singida mjini, akatuambia tulibandike mahali pa wazi. Tulilibandika pale kwa nia njema, kuta nyingine zimejaa picha za chanjo. Ila mlango ule hushinda wazi, kwa hiyo bango hushinda limefunikwa. Vumbi lake nalifuta mimi, na sikuwahi kupita kichwa cha habari. Siku hiyo nilifunga mlango, nikasoma, nadhani kwa sababu ya yule mtoto.

Mama aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa pamoja: siku mia moja.

Nilisoma mara tatu kwa kidole. Kuna mtu huko ofisi za serikali, hamjui sista wetu, pengine hata Itigi hajawahi kushuka, alikaa akawaza kwamba wakati mwingine wanazaliwa wawili na maziwa ni ya mama yuleyule. Chini yake kulikuwa na saa mbili za kunyonyesha kila siku, ndani ya muda wa kazi. Mpaka saa ziliwazwa. Nilikaa pale na tambara mkononi, kama mtu aliyeingia kanisani ibada imeshaanza.

Nikamwita daktari. "Samahani, hebu nisomee hapa. Pengine ni la hospitali kubwa."

Akasoma. "Ni la kila mwenye kuajiri," akasema. Akavuta stuli, akakaa. "Watoto nimewapokea wote wawili kwa mikono yangu. Likizo nimehesabu mmoja."

Nimtendee haki: nilijua anaifikiria foleni, maana angebaki peke yake. Angeweza kuufungua mlango na yakaishia hapo. Aliinuka akamwita sista.

"Kesho usije. Una siku kumi na sita."

"Zimebaki tisa, daktari. Wiki moja nimefanya kazi."

"Hiyo wiki ulikuwa hapa kwa kosa langu. Kumi na sita. Na ukirudi, saa mbili zako za kunyonyesha usizichukue kwa kukimbia."

Bibi akauliza kutoka kwenye benchi, "Nani kayasema hayo?"

"Serikali, mama."

"Huyo serikali kazaa mapacha?"

Daktari alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku zilizofuata alichanja peke yake na kuzalisha peke yake. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki yao, maana walisubiri sana. Alhamisi ya pili sista akaleta watoto. Nilimning'iniza mdogo kwenye mzani, mshale ukapita pale ulipokuwa umekwama, ukaendelea.

Sijui ni sheria, au maziwa, au usingizi aliopata mama yake. Niliweka nukta mpya, juu kuliko ile ya zamani. Kadi nikashindwa kuiachia, mpaka sista akaniambia, "Dada, watu wanasubiri."