Punje za Mfukoni

Shule niliishia darasa la pili, lakini hesabu ya ng'ombe wangu haijawahi kunishinda. Kwa hiyo Januari ile walipotafuta watu wa kujitolea kuhesabu ndege kwenye bwawa la Rhotia, nilifika wa kwanza. Binti aliyetuongoza, msomi mwenye darubini, alinipa karatasi ya kuandikia. Nikamrudishia. Mimi kila nikihesabu bata kumi, nahamisha punje moja ya mahindi kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia.

"Babu, nitakuamini kweli?"

"Niamini kuliko hiyo karatasi yako."

Tulipomaliza, nikatia mkono mfuko wa kulia. Punje nne tu, na bwawa limejaa bata! Hapo nikakumbuka kwamba mahindi yale mke wangu aliyakaanga, nami nilikuwa natafuna tangu asubuhi.

Ningeweza kutaja namba yoyote, naye angeiandika. Nikasema, "Mjukuu wangu, bata wengine nimewala."

Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Kisha tukahesabu upya, yeye na darubini yake, mimi na punje zangu, mdomo nimeufunga.

Siku hizi kila Januari mke wangu hunitilia mfukoni maharage makavu. "Haya, na hayo tafuna," huniambia.