Kadi ya Lulu na Mizani ya Makole

Mwajabu Swalihu, mshonaji wa Makole, Dodoma, alirudi kutoka Ndola, Zambia, Julai 1988, akiwa na binti yake Lulu wa miezi minne. Ndoa yake na Bwana Mwansa, fundi wa mgodini, ilikuwa imevunjika. Tarehe hizo zimo kwenye kadi ya kliniki ya Lulu, ambayo Mwajabu anayo hadi leo.

Mwaka 1994 Mwansa alifika Dodoma na amri ya mahakama ya kwao iliyompa mtoto. Kabla ya kuamua nani amlee Lulu, hakimu wa Dodoma alipaswa kuamua kwanza shauri hilo ni la mahakama ya nchi ipi. Jibu lilitegemea mahali mtoto alipokuwa akiishi.

Mwajabu aliliona jambo jepesi, mpaka wakili wa Mwansa alipoinua fomu ya chekechea.

"Mama, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Kwenye makazi ya mtoto umeandika Ndola."

"Mtoto huandikwa kwa baba yake, mheshimiwa. Ningemwandika kwangu, watu wangesema hana baba."

Ndivyo alivyolelewa: baba hata akiwa mbali hupewa heshima yake. Sasa heshima hiyo ilikuwa inamnyang'anya mtoto. Alitoa kadi ya kliniki, yenye alama za uzito za kila mwezi kwa miaka mitano. Wakili akasema kadi yaweza kujazwa na yeyote. Hakimu akaahirisha hadi Alhamisi.

Muuguzi aliyeijaza, Penina Matonya, alikuwa amehamishiwa Mpwapwa. Mwajabu alimpelekea ujumbe kwa kondakta wa basi, asijue kama ungefika. Alhamisi asubuhi Penina aliingia mahakamani, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu.

"Unamfahamu mtoto huyu?" hakimu aliuliza.

"Nisimfahamu? Kila mwezi nilimning'iniza kwenye mizani, naye akinipiga mateke. Alama hizi nimeziweka mimi."

"Pengine aliletwa kupimwa tu, kisha akarudishwa," wakili alisema.

"Ndola, mwanangu? Kila mwezi apandishwe treni na mabasi, aje apimwe uzito Makole?"

Mwansa mwenyewe alicheka. Hakimu akaamua kwamba Lulu anaishi Dodoma, na shauri litasikilizwa hapo hapo. Mwezi uliofuata alimwacha kwa mama yake, baba akipewa kukaa naye likizo za shule.

Mwajabu alikwenda Mpwapwa kwa Penina na gauni aliloshona kwa kukadiria kwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Limenikaa hili! Umenipima lini?"

"Siku ile kizimbani, mama. Sikuweza kuyaondoa macho kwako."

Januari 1995 alijaza fomu ya darasa la kwanza. Jina la Mwansa aliliandika kwa ukamilifu mahali pa baba, kama alivyofunzwa. Kwenye makazi aliandika Makole, akaisoma mara mbili, ndipo akaikabidhi.