Mlenda Juu ya Mwamba

Juzi nilimfuata mjukuu wangu chekechea, nikamkuta mwalimu akiwauliza watoto mvua inatoka wapi. Nusura ninyooshe mkono niseme: kwa mama.

Kwetu Mtinko, kila mara mama alipoanika majani ya mlenda, mboga yetu ya kiangazi, juu ya mwamba, radi ilinguruma, nasi tukakimbia kuyazoa, pua zimejaa harufu ya vumbi lililolowa. Niliamini mama ndiye anayeiita mvua. Mwaka mmoja mvua ilipogoma, nikamsihi, "Mama, anika mlenda basi."

Hakucheka. Alitoa mlenda mkavu wa mwisho uliobaki chunguni, akauanika, tukakaa kutazama juu.

Haikunyesha.

Leo najua mvua inavyofanyika. Ila radi ikinguruma, bado natoka mbio hadi uani, na uani sijaanika kitu.