Visu sita, na Baba hataki hata kimoja

Leo mwenye duka hapa Nkubu nusura atufukuze, mimi na Baba.

Kisu chake cha mfukoni kilipotea shambani, nikasema nimnunulie kingine cha kukunja. Kazi ya dakika tano, sivyo?

Akajaribu cha kwanza. "Hii ni ngumu."

Cha pili. "Hii pia."

Mpaka sita! Na anavifungua kwa mkono wa kushoto, mtu wa mkono wa kulia tangu azaliwe, polepole kama hajawahi kushika kisu. Foleni nyuma yetu inaguna.

Mwishowe akachukua kile chekundu cha plastiki, kimelegea hata aibu kukibeba.

"Baba, hiki kimelegea!"

"Najua. Mimi ni wa kubeba tu. Mwenye kutumia ni mama yako, na vidole vyake vimeishiwa nguvu kwa kuchuna majani chai. Na hapendi kuomba mtu amfungulie."

Nyamazeni, silii. Wazee wa kwenu pia wako hivi?

Tumefika nyumbani, Mama akaingiza mkono kwenye koti la Baba bila kuuliza, akatoa kisu, akakifungua mwenyewe, akakata chungwa.

Nusu kubwa akampa Baba.